Wauaji wa Mji wa Mimba

Nasinzia sikio langu likiwa juu ya tumbo la mdogo wangu. Ni mchana, tuko Tukuyu, sebuleni kwake, mvua inalipiga bati kwa kelele hata mazungumzo yamekatika, na Subilaga, aliyejinyoosha kwenye mkeka, amenivuta kichwa akakilaza hapo chini ya kitovu chake. Sikiliza, dada, anasema, karibu apige ukelele, wewe si ndiye mtaalamu wa vitu visivyoonekana, hebu niambie wanafanya nini humo ndani. Anaowasema ni wauaji. Mimi kazi yangu ni ya maabara, kule Mbeya, na huko nachunguza aina moja ya seli za damu ambazo sisi wa kazi hiyo tunaziita wauaji wa asili, kwa kuwa muuaji huyo anaweza kuiua seli iliyoingiliwa na virusi, au iliyogeuka saratani, bila kungoja kutambulishwa kwanza. Nimetumia ujana wangu wote kuuliza wanazaliwa wapi, wanakuaje, nani anawaambia ua na nani anawaambia acha. Na sasa neno hilo, wauaji, limeingia nyumbani kwetu. Mimba tatu zimemtoka Subilaga. Hii ni ya nne, bado changa, na wiki hii kliniki moja imempima damu ya mkononi ikamwambia wauaji wake ni wengi kupita kiasi, kwamba ndio waliowamaliza watoto wake, na kwamba kesho asubuhi aende atundikiwe dripu ya kuwalaza. Dripu yenyewe ameshakabidhiwa. Iko pale mezani, chupa nyeupe kama maziwa, na tangu nimefika ananiuliza swali moja tu, niwalaze au nisiwalaze? Umekaa nao miaka mingi kuliko uliyokaa na sisi, dada, wewe niambie. Lakini ninayoyajua nimeyajua kwenye vipande vya nyama vilivyokaushwa chini ya darubini, na yeye ananiuliza habari za kilicho hai. Kwa hiyo nasikiliza. Nasikia matumbo yakinguruma, nasikia damu yake ikienda na kurudi, shuu, shuu, na mvua nayo shuu, hadi sitofautishi ipi ya nje na ipi ya ndani, na sikio linazama, na shavu linafuata, na bega, kama mtu anayejiachia kwenye maji ya uvuguvugu, na nyuma yangu mlango unajifunga bila sauti.

Niko barabarani. Barabara ni nyekundu, laini chini ya nyayo, haina jua wala kivuli na bado naona kila kitu, na kila nikiikazia macho inajikunja kwenda upande mwingine, inagawanyika, inajirudia, inapita juu ya yenyewe bila daraja. Mtu ananishika mkono. Ni mfupi, kimo cha kifua changu, na hana uso: pale unapotegemea macho na pua pana ngozi tupu, laini, kama unga uliokandwa ukasahauliwa. Ningepaswa kuogopa. Siogopi, nina furaha ya ajabu, furaha ya mtoto anayepelekwa mjini mara ya kwanza. Wewe ni nani? namuuliza. Mimi ni mgeni niliyezaliwa humu humu, anajibu, na sauti yake inatoka kifuani. Tunakwenda wapi? Kunywa maji ya kisima ambacho bado hakijachimbwa. Na atakayekichimba ni nani? Yule unayemwogopa, anasema, halafu ananivuta, tunaondoka, na barabara nayo inaondoka pamoja nasi.

Inatuingiza kwenye mji wenye dari nyeupe iliyojaa matundu kama sponji, na kuta zake zinatoa watu. Sisemi kwa mfano, kuta zinatoa watu kweli, wanachomoka wamelowa, wote wa sura moja, wanapepesa macho, na kabla hujawatazama vizuri wengine wanachomoka nyuma yao. Naangalia dari, naangalia kuta, nagundua tulipo, na napiga yowe. Ni uboho! Tumo ndani ya mfupa wa nyonga wa Subilaga, kiwanda cha damu yake, mahali ambapo nimepachora ubaoni mbele ya wanafunzi mwaka hadi mwaka bila kupaona! Hawa wachanga watakuwa kila kitu, wengine watabeba hewa, wengine watakula vijidudu, na miongoni mwao wamo wangu. Wako wapi? namtikisa kiongozi wangu, nionyeshe wauaji, ni yupi? Mtafute anayelishwa mkononi, anasema. Natafuta. Nakimbia huku na huko, nawapisha, nawakanyaga, samahani, samahani, mpaka naona pembeni mama mmoja mwenye mikono mirefu kama matawi, ameketi, na kila mara anatoa tonge kwenye kiganja chake mwenyewe na kumtilia mdomoni mchanga mmoja aliyepiga magoti mbele yake. Tonge hilo nalijua! Ni protini ya kukuzia seli, maabarani linakuja kama unga ndani ya kichupa, nalikoroga na maji, nalimimina kwenye sahani ya seli, nazo hukua, lakini sijawahi kuona likitolewa hivi, kiganja kwa mdomo, mlishaji akimtazama mlishwaji machoni. Aliyelishwa anavimba, anang'aa, na ubavuni mwake inaota mifuko midogo midogo, na najua ndani ya mifuko hiyo mna sumu. Aliyekosa tonge anakaa kitako, ananyauka polepole, hapigi hata kelele. Yule aliyekuwa amepiga magoti anageuka, ananiona. Wewe si wa humu, anasema. Mimi ni dada wa mwenye nyumba, najibu. Anafikiri. Anatabasamu. Basi twende wote, anasema, nimemaliza kula. Namwita Kinda, kwa kuwa ana manyoya laini mwilini kama kifaranga na hatulii, na yeye analipokea jina kana kwamba alikuwa akilingojea.

Tunatoka mfupani kwa tundu jembamba, tunajipenyeza kama watu wanaokatiza ua wa jirani, na ng'ambo ya tundu uko mji wa vioo. Nyumba hazina mwisho, zinapanda vilima na kushuka, kila mlango ni kioo, na ndani ya kila kioo uso ni ule ule mmoja, uso wa Subilaga. Najitafuta humo na ninauona wake. Kiongozi wangu anapita mbele ya vioo na vioo vinabaki na Subilaga, kana kwamba hakuna aliyepita. Kinda hataki kupita tu. Anakwenda mlango kwa mlango, anabandika kiganja kwenye kioo, anabandika paji la uso, anatulia, anahamia kingine. Huyu ni nani? ananiuliza. Ni mdogo wangu. Hapana, anasema Kinda, ni nyumbani. Na kila akigusa, mkono wake unapata nguvu, nauona ukikaza, na moyo unanienda mbio kwa sababu jambo hili nimelibishania na wenzangu kwenye mikutano hadi sauti kukauka: kwamba muuaji asiyewahi kuushika uso wa nyumbani hubeba silaha bure, mkono haumtii, kwamba kwanza hujifunza nani wa kumwacha ndipo aruhusiwe kuua. Ndiyo! namwambia Kinda, ndiyo, endelea, gusa na kile! Narukaruka barabarani kama mtu aliyeshinda kesi. Halafu Kinda anafika kwenye nyumba isiyo na kioo. Mlango upo, fremu ipo, lakini kioo kimeng'olewa, na ndani nasikia kitu kikijinakili, tak, tak, tak, kama cherehani. Ni kirusi, kimejificha humo, na kimeng'oa kioo ili walinzi wa aina nyingine wapite bila kujua kilichomo. Kinda anabandika kiganja, anautafuta uso, haupati. Anautafuta tena. Mwili wake wote unakuwa jiwe. Hamna mtu wa nyumbani humu, anasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake, na mifuko yote ya ubavuni inakimbilia upande wa kiganja, ukutani yanatoboka matundu madogo ya mviringo, sumu inaingia, na nyumba inajikunja ndani kwa ndani, kimya, kama shuka linalokunjwa na mtu mwenye utaratibu. Ile tak, tak inakoma. Nyumba za jirani hazina hata ufa. Nimeona! napiga kelele, nimeona kwa macho yangu! Na papo hapo narudi nyuma hatua moja, kwa sababu Kinda anapangusa pajani mkono ule ule wenye sumu ile ile na kuniuliza, sasa wapi? Kiongozi wangu asiye na uso anajibu kabla yangu. Chini, anasema, kwenye mji wa mimba.

Hapana, nasema. Namshika kiongozi mabega. Wewe huna uso! Umeona alichofanyiwa asiye na kioo? Huko chini wamejaa kama huyu, ndiko wanakokaa. Kwa nini huna uso? Ninazo nusu mbili, anasema, na bado hazijaelewana. Na kazi yako nini? Mimi ni mpishi wa asiye na mdomo. Barabara inateremka, inazunguka kama ngazi ya mnara, nasi tunazunguka nayo, na mzunguko wa kwanza sielewi na unaofuata sielewi, na mahali fulani katikati ya kuzunguka naelewa. Nusu mbili, ya mama na ya baba. Huyu hakutoka mfupani. Huyu ametoka kwa mtoto. Ni seli ya kondo la nyuma, mmoja wa wale wanaotangulia kujipenyeza kwenye ukuta wa mji wa mimba ili kumtafutia mtoto damu ya mama yake. Muda wote huu nimetembea mkono kwa mkono na mjumbe wa mtoto wa Subilaga, na sasa tunakwenda naye kwa wauaji. Umeniongoza wewe au ninakuongoza mimi? namuuliza. Walioshikana mikono hawajui, anasema, na anazidi kuteremka.

Mji wa mimba hauna vioo. Ardhi yake ni laini, nene, ina joto zuri, na kwa mbali, nyuma ya ukuta mwembamba unaopitisha mwanga, ngoma ndogo inapiga haraka haraka, haraka kuliko moyo wa mtu yeyote niliyepata kumsikiliza, na najua anayeipiga ni nani. Barabara za huku ni nyembamba kama mirija ya kunywea soda, zimejisokota kama springi, na damu inapita ndani yake tone kwa tone. Na wao wapo. Wako maelfu, wameketi bega kwa bega kila upande, wakubwa kuliko Kinda, wameshiba, mifuko yao imejaa hadi inang'aa, hawasemi. Kiongozi wangu anauachia mkono wangu na kuanza kutembea katikati yao. Vichwa vinainuka. Kinda anamfuata nyuma, amenyoosha kiganja. Ndipo nahisi uzito mkononi, natazama, na nimeshika ile chupa nyeupe ya mezani kwa Subilaga, kizibo kimeshafunguka. Sifikiri mara mbili. Nawaza watoto watatu ambao hawakupata hata jina, nainamisha chupa, namwaga. Weupe unatandaa ardhini, unapita kati ya miguu yao, na wauaji wanalala. Wanaanguka kwa upole, huyu na huyu na huyu, na Kinda anaanguka kifudifudi karibu na kisigino cha kiongozi, mkono bado umenyooka. Nimeshinda! Nimesimama peke yangu kati ya maelfu waliolala na nacheka. Kisha nakisikia kimya. Damu haidondoki. Mirija imejikaza, springi zimezidi kujisokota, na kiongozi wangu anapapasa ukuta wa barabara, anaukwaruza, hawezi, peke yake hawezi, anapiga magoti. Nyuma ya ule ukuta mwembamba ngoma inakosa pigo. Inapiga. Inakosa tena. Kisima, anasema kiongozi, na safari hii si fumbo, ni ombi, nani atakichimba kisima?

Naitupa chupa. Naruka miili, namfikia Kinda, namgeuza, nampiga vikofi mashavuni, amka, amka mwanangu, nimekosea, amka! Manyoya yake yamelowa weupe, nayapangusa kwa khanga yangu, nampulizia pumzi ya moto kama kifaranga kilichopigwa na baridi. Anafumbua jicho moja. Ananitazama mimi, anamtazama aliyepiga magoti, na kabla sijasema neno amenyanyuka na kiganja chake kimetua pale pasipo na uso. Mikono yangu iko mdomoni. Kiganja kinapapasa kulia, kinapapasa kushoto, hakipati kioo, na nauona mwili wa Kinda ukianza kukaza vilevile kama kule juu. Huyu si wa kwetu, anasema. Subiri, namsihi, tafuta tena, tafadhali, tafuta vizuri! Vidole vinashuka, vinapita taya, vinafika chini ya sikio ambalo halipo, na hapo vinasimama. Kuna kitu hapo. Ni kidogo, kama kovu la chanjo, alama ambayo karibu hakuna seli nyingine mwilini inayoivaa, nami nalijua jina lake la vitabuni, nimeliandika mara nyingi, lakini sijawahi kujua inakuwaje kwa yule anayeigusa. Kinda anaigusa. Anaigusa kwa muda mrefu. Huyu si wa kwetu, anasema tena, ila sauti imelainika, ni mgeni wetu. Na ugumu unamtoka mwilini, mifuko ya sumu inarudi nyuma na kutulia, na kutoka mahali ambapo sikujua kama pana mfuko anatoa zana nyingine, si za kuua, anaugeukia ukuta wa barabara na kuanza kuchimba.

Anachimba! Anazifungua pete za misuli zinazoikaba barabara, anazilegeza na kuzivua, na mgeni anaingia nyuma yake kuupaka ukuta upya, na mmoja wa wale maelfu anapiga miayo, anaamka, anasogea, anachimba, na jirani yake, na jirani wa jirani yake. Mji mzima unaamka na kushika kazi. Hawa wanaoitwa wauaji wanabeba, wanapanua, wanapigana vikumbo, wanaitana, leta huku, shika pale, pisha pisha, na mimi nimejifunga khanga kiunoni nachimba kwa kucha pamoja nao, napiga vigelegele, sijawahi katika maisha yangu yote ya utafiti kuwa na furaha ya namna hii. Mrija unakuwa mfereji. Mfereji unakuwa mto. Damu ya Subilaga inaingia kwa kishindo, inatupita magotini, na nyuma ya ukuta ngoma inashika mdundo na haiuachi. Namfikia kiongozi wangu katikati ya mafuriko. Nimwambie nini mdogo wangu? nampigia kelele, kesho asubuhi ndiyo hiyo inakuja, nimwambie nini? Na kwa mara ya kwanza ananijibu bila kuzunguka. Waliopimwa mkononi, anasema, hawakukulia huku. Nataka kumuuliza zaidi, nataka kumuuliza zile nyingine tatu zilikuwaje, lakini mto umeninyanyua, nimeshika ukuta, nakwaruza nipate pa kujishikiza, nakwaruza.

Dada, unaniumiza! Subilaga amenishika viganja vyote viwili. Mvua imepungua. Nimelowa jasho, khanga nimeifunga kiunoni na sikumbuki niliifunga saa ngapi, na maneno yananitoka kabla pumzi haijatulia. Usiitundike, namwambia, usiitundike hiyo dripu. Umeota nini? anauliza. Haidhuru nimeota nini, ndoto si kipimo, nisikilize. Damu waliyokutoa ni ya mkononi. Wauaji wa mkononi ni wengine na wa mji wa mimba ni wengine. Jina ni moja, lakini hawakukulia mahali pamoja na kazi yao si moja. Hata wale wawe wengi vipi, wingi wao haukwambii lolote kuhusu hawa walio karibu na mtoto. Na hawa walio karibu na mtoto, kila nilichokiona kwenye darubini miaka yote hii kinaniambia hawali watoto. Wanachimba. Wanachimba nini? anauliza Subilaga. Barabara. Njia za damu, wanazipanua ili mtoto apate chakula. Gwakisa, mume wake, amesimama mlangoni na mabuti yaliyojaa tope la shambani, amesikia yote, na uso wake umekunjamana. Shemeji, anasema, mimi sina elimu hiyo, lakini nimelia mara tatu katika nyumba hii. Wale wa kliniki wamenipa kitu cha kushika. Wewe unanipa nini? Ni swali la haki na linanichoma. Nakupa ninachokijua, namwambia, na ninachokijua kina shimo katikati. Kwa nini zile tatu zilitoka, sijui. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya. Lakini kile kipimo nacho hakijui, na kinajifanya kinajua. Kesho twende wote hospitali ya rufaa, tumwone bingwa wa uzazi, aanze upya, apime vile vinavyopimika. Gwakisa anamtazama mkewe, nami namtazama, kwa sababu katika jambo hili mwenye mji ni mmoja tu. Subilaga ameweka kiganja tumboni. Uliwaona wakichimba? ananiuliza. Nataka kusema nimeona kwenye picha, kwenye sampuli, nataka kuongea kama mtu wa maabara. Niliwaona, nasema. Basi waacheni wachimbe, anasema Subilaga, anainuka kwa kujishikilia ukuta, anaichukua chupa mezani na kumkabidhi mumewe. Warudishie wenyewe.

Na siku zinaanza kukimbia, zinakimbia vibaya, wiki inajikunja ndani ya wiki, nakwenda Mbeya narudi Tukuyu nakwenda tena, bingwa anapima na kupima hadi anakuta damu ya Subilaga ina tabia ya kuganda upesi, hilo tu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitafuta, anampa sindano ndogo ndogo za kuchoma kila siku, Gwakisa anajifunza kuzichoma yeye mwenyewe kwa mikono yake mikubwa ya kulimia chai, anaomba radhi kila anapochoma, pole mke wangu, pole, na tunaufikia mwezi ule ambao zile nyingine zilitoka, tunaukanyaga kwa ncha za vidole, hakuna anayecheka kwa sauti, hakuna anayetaja jina la mwezi, na tunaupita. Tunaupita! Subilaga ananipigia simu nikiwa kazini, anacheka tu, na mimi nacheka, na wenzangu wananitazama. Tumbo linakuwa kubwa hata hawezi kufunga viatu, halafu linashuka, halafu ni gari la kukodi na vilio na mlango wa wodi unaofungwa usoni petu, na sasa ni asubuhi, nimeketi kwenye benchi kando ya kitanda chake na nimempakata mtoto wa kike.

Ana uzito, huo ndio mshangao wangu wa kwanza, uzito wa kitu kilichokula vizuri. Subilaga amelala, mdomo wazi kidogo, amechoka, mzima. Gwakisa ametoka kutafuta uji na nimemsikia akimwambia kila anayekutana naye koridoni, ni wa kike, jamani, ni wa kike, hadi sauti yake imepotelea mbali, na naona korido yenyewe imekuwa ndefu kuliko nilivyoingia, milango inajirudia, na nesi anayehudumia upande huu amenipa kisogo tangu nifike, sijamwona uso. Sijali. Namfunua mtoto miguu, namtazama vidole kama kila mtu anavyofanya. Dada, sauti inaita. Ni sauti ya Subilaga. Nainua kichwa. Kitandani amelala vilevile, midomo haikutikisika, kifua kinapanda na kushuka taratibu. Dada, amka, sauti inasema, karibu kabisa, karibu na sikio langu, na nyuma yake nasikia mvua ikilipiga bati, na mkono nisiouona unanitikisa bega. Namkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi. Anakunja uso, anakusanya pumzi yake yote, anapiga chafya, na mate yake ya moto yananirukia shavuni, matone halisi, nayahisi yakiteleza. Dada Atupele! Namtazama huyu niliyempakata, nageuza sikio kule ninakoitwa, na moyo unaniruka kwa furaha pande zote mbili. Abee, naitika.